Kriki Chini ya Shasi

Jumatatu, 9 Juni
Breki za teksi mbili kabla ya saa nne. Kisha Mama Kavira, muuza unga, mtu wa Butembo, jirani yangu hapa mtaani Katuba. Pikapu anaiendesha mwenyewe mpaka Kasomeno.
"Fundi, mbele inagonga. Na volan, nikiishika, inanivuta kuume."
Nikaweka kriki, jeki yangu, chini ya shasi ya gari, nikainua, nikashika gurudumu juu na chini, nikatikisa. Halikucheza. Basi rotule ni nzima, vile vifundo vya chuma vinavyoshikilia gurudumu. Nikasema ni tairi. Nikahamisha ya kushoto kuume. Nikamwambia iko bien, aende tu.

Jumatano, 11 Juni
Simu ya shemeji yake. Gurudumu la kuume limechomoka karibu na Kasomeno. Pikapu imepinduka. Mama Kavira yuko hai. Mguu umevunjika, na mbavu.
Nilikaa chini, kwenye oili. Shemeji hakunilaumu hata kidogo. Alinijulisha tu, kama rafiki.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefika kule. Watu wameisimamisha pikapu kando ya barabara. Rotule ya chini, kuume: kavu, kutu, kikombe chake kimelika. Imetoka.
Nikaenda kushoto. Safari hii kriki niliiweka chini ya mkono wa chini wenyewe, ule wa chuma unaoshika gurudumu, si shasi. Nikatikisa. Gurudumu likagonga mikononi mwangu.
Kumbe ni kriki. Ukiinua kwa shasi, springi inaibana rotule, inanyamaza. Miaka kumi na tisa nainua kwa shasi. Ndivyo nilivyofundishwa. Sikuwahi kuuliza.
 

Ijumaa, 13 Juni
Wamemleta hospitali ya mjini. Nilimwambia yote, nimesimama. Sikuomba kiti.
"Mama, rotule ilikuwa imekufa. Mimi ndiye sikuiona."
Nilingoja matusi.
"Na bale bengine?"
"Bengine gani, Mama?"
"Bale uliambiaka iko bien."
Sikuwa nimewafikiria wateja wengine. Siku mbili nzima, nilijifikiria mimi tu. Nilitoka bila kuaga.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekumbuka pikapu sita nilizopima kwa shasi mwaka huu. Nne nimezikuta. Tatu nzima. Ya nne ni ya Mwalimu Kabeya, Mkasai, kule mtaa wa Annexe. Kila Jumamosi anapakia mke na watoto nyuma, wanaenda shambani. Walikuwa wameshapanda. Nikawaomba washuke. Kriki chini ya mkono. Ikagonga, kushoto na kuume.
Mwalimu alitazama gurudumu, akatazama watoto. Akanipa ufunguo.

Jumapili, 15 Juni
Ya tano mwenyewe ameileta. Nzima.
Ya sita sina namba ya mwenyewe. Jina sikumbuki. Nyeupe, hubeba samaki kutoka Kasenga. Sikwenda misa. Tangu asubuhi nimesimama mahali barabara ya Kasenga inapoingia mjini, nikizipungia pikapu mkono.
Nyingi ni nyeupe. Baadhi husimama.