Hata kwa Saa Moja

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeanza kazi! Miaka mitatu tangu hoteli niliyokuwa nikifanya kazi Diani ifungwe, miaka mitatu ya kupeleka barua za maombi — na leo nina beji shingoni na tableti mkononi. Ni utafiti wa kazi za wanawake wa Kwale: wangapi wanafanya kazi, wangapi hawafanyi. Mkataba wa wiki sita. Msimamizi wetu Beryl, mwenyeji wa Kisumu, amerudia sharti moja mpaka tumelikariri: swali husomwa kama lilivyoandikwa. Neno lisiongezwe, lisipunguzwe.

Nyumba tano Ramisi. Chai katika zote tano. Nimeshiba, nina furaha.

Jumatano, 10 Septemba

Kijiji cha Jego. Nimemkuta Mama Mbeyu, umri unakaribia hamsini, yuko uani na karai la mafuta. Ni mama karanga: hukaanga samaki na kuwauza Vanga. Shikamoo, marahaba, nikaletewa kigoda. Nikasoma swali: katika siku saba zilizopita, amefanya kazi yoyote ya kumpa kipato, hata kwa saa moja?

"La, mwanangu. Mimi niko nyumbani tu."

Amesema hivyo huku anageuza samaki! Mumewe, Mzee Chirau, akaongeza kutoka barazani kwamba ni kweli, mkewe hana kazi. Nikabonyeza HAPANA. Tableti ikaruka maswali ishirini — saa, wateja, kipato — ikaniambia ahsante, mahojiano yamekwisha.

Nimetoka nje ya ua, hatua kumi hivi. Nikashindwa. Nikarudi.

Nikamwomba anisimulie jana yake tu, tangu alipoamka. Akacheka, akaanza. Pwani alfajiri kununua samaki. Kupaa magamba, kukaanga, kwenda Vanga mpaka adhuhuri. Alasiri kusuka makuti ya kuuza. Nikahesabu: jumla ya saa tisa. Nikamwuliza, basi hiyo si kazi?

"Hiyo si kazi, mwanangu. Hiyo ni kutafuta mboga."

Nimebadilisha jibu. NDIYO.

Ijumaa, 12 Septemba

Jego nzima nimeuliza hivyo hivyo. Najua nimevunja sharti. Lakini wanawake hawa wanapenda sana kusimulia jana yao! Mmoja alifika katikati ya hadithi, akasema hakujua kama ana shughuli nyingi kiasi hicho.

Jumatatu, 15 Septemba

Beryl ameniita ofisini Ukunda. Wenzangu wanapata wanawake watatu katika kumi wenye kazi. Mimi napata karibu wote.

"Fauzia, hii data yako iko tofauti sana. Uliuliza watu, ama ulijijazia tu?"

Ningeweza kusema Jego ni watu wachapakazi, basi. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema kweli: niliongeza swali langu. Beryl akavua miwani. Atampigia Dokta Jemima, mwenye utafiti. Kwa sasa nirudishe tableti.

Nyumbani, Mama ameniuliza mbona nimerudi mapema. Nimesema kichwa kinauma. Siyo uongo.

Jumanne, 16 Septemba

Dokta Jemima amekuja mwenyewe kutoka Nairobi! Nilidhani atakuwa mtu wa makamo. Tunalingana umri.

Hakutabasamu. Amesema nyumba zangu za Jego haziwezi kuhesabiwa pamoja na nyingine. "Ukiuliza hivi hapa na vile kule, sitajua kama kilichotofautiana ni watu au ni maswali." Nikaelewa, na nikaona haya. Siku tatu za kazi, bure.

Kisha akaniomba nimpeleke kwa Mama Mbeyu.

Akaketi kwenye kigoda, akauliza swali la kwenye tableti. La. Akaomba asimuliwe jana. Safari hii Mzee Chirau mwenyewe akaanza kumkumbusha mkewe: umesahau kuku, umesahau palizi ya muhogo, umesahau ulimshonea mwanetu Rai sare. Kadiri alivyoongeza ndivyo sauti yake ilivyopungua. Mwisho akawa anatazama miguu yake.

Garini tukapita Msambweni, Dokta akipitia maswali kwenye tableti. Halafu, kama anajiambia mwenyewe: "Kwa nini hatukuanza na jana?"

Alhamisi, 18 Septemba

Uamuzi umetoka. Tableti itapiga kura yenyewe: nyumba nyingine itapata swali la zamani, nyingine itaanza na jana. Vijiji vyote, tena bila mtu kuongeza neno. Kwa njia hiyo itajulikana.

Na mimi nabaki! Nimecheza jikoni mpaka Mama akaninyang'anya sinia. Kisha nimemwambia yote, na kile kisingizio cha kichwa pia.

Ijumaa, 26 Septemba

Majibu ya kwanza. Kwa swali la zamani, watatu katika kumi. Kwa jana, wanane. Vijiji vile vile!

Beryl amenionyesha yeye mwenyewe. Amesema siku ile angenifukuza na bado angekuwa sawa. Nimemwambia nakubali. Tumecheka, tukala viazi karai pamoja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumewarudishia watu wa Jego majibu yao, katika darasa la shule. Dokta Jemima ameeleza polepole, bila majina. Wanawake wamesikiliza, kisha kicheko kikaanzia nyuma, kikaenea.

Mama Mbeyu akasimama. Amesema mama karanga wenzake wamepanga kupeleka samaki Lunga Lunga, siku tatu kwa wiki, kwa zamu. Yeye alikataa kwa sababu ya maji ya nyumbani. Akageuka mbele ya watu wote.

"Baba Rai. Siku hizo tatu, maji utateka wewe?"

Mzee Chirau amesimama, kofia mkononi. Ameuliza kisima kipi hakina foleni asubuhi.

Wanawake wamejibu kwa pamoja, kila mmoja na kisima chake, na sasa wanabishana! Naandika haya nikiwa dawatini nyuma. Beryl ananiashiria kutoka mlangoni, gari limewashwa. Siondoki. Mzee bado amesimama, anasikiliza mabishano ya visima — na hajasema ndiyo.