Gari Linalovuma Chini ya Miguu

Malindi,
Jumapili, baada ya alasiri.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani bila ya ule mto wa mgongoni, maana hapo nitajua umepata nafuu. Mama hajambo? Na Bibi je, bado anaficha vidonge vyake chini ya jamvi na kusema amevimeza? Sisi huku kwa Mjomba Athumani tu wazima, alhamdulillahi. Mkaza mjomba alishikwa na mafua lakini yamekwisha. Mimi naendelea vyema na masomo. Fizikia niliyokuwa nikiiogopa sasa naipenda, na sababu yake utaiona mbele.

Huenda ukajiuliza kwa nini naandika hali juzi nilipiga simu. Nilipiga, nikazungumza na Mama. Lakini wewe wajua anavyonipelekea maneno. Nikimweleza jambo refu, lenye mwanzo na mwisho, namsikia akikupigia kelele sikioni, "Anasema hajambo!" Basi, yamekwisha. Jambo la leo sitaki likatwe, kwa sababu ni la gari lako, na Mama ana rai yake juu ya gari hilo. Nataka ulisome kwa macho yako, polepole, kisha uamue.

Mjomba alipokuja Takaungu kulichukua, nilikuwapo likizoni. Ulimpa ufunguo ukasema neno moja tu, "Liuze." Sababu naijua. Siku ile ulipopeleka madafu hoteli ya Bofa, masikio yako yakiwa yamekwisha kuziba, ulikwenda njia nzima kwa gia ya pili, injini ikilia kama inachinjwa nawe huisikii, mpaka mlinzi wa langoni akakukimbilia akipunga kofia, na moshi ukitoka kwenye boneti. Uliporudi hukugombana na mtu. Mama alisema, "Bora liende gari, wewe ubaki," nawe ukaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo umekuwa ukikaa.

Gari lilipofika hapa gerejini halikukawia kupata mtu. Ni kijana mmoja wa Kakuyuni, jina lake Kazungu, ananunua mapapai na maembe kwa wakulima na kuyaleta sokoni Malindi. Alilizunguka, akalipiga mateke magurudumu, akaliwasha. Kisha akasema, "Fundi, gari zuri, lakini limenyamaza kama limekosana na mtu."

"Wataka liseme nini?" Mjomba akamuuliza.

"Nataka lisikike. Nikiingia Kakuyuni, watu watoe mapapai yao njiani kabla mimi sijafika."

"Kumbe wataka honi ya nyuma."

Wakacheka, wakakubaliana. Wajua kazi ya Mjomba ni mabomba ya moshi, na vijana wengi humjia kwa sauti tu. Alilala chini ya gari akaikata sailensa yako ya zamani, ile iliyoanza kuliwa na chumvi ya bahari kwa nje, akachomelea bomba pana lililonyooka mpaka nyuma bila ya kitu cha kulipunguzia kelele. Mimi baada ya shule hukaa palepale gerejini, nikifanya hesabu zangu kwenye pembe ya meza ya vifaa. Alipoliwasha, kalamu yangu iliruka. Kuku wa jirani walipanda ukuta. Mkaza mjomba akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Athumani! Ni gari hilo au nyumba yaanguka?"

"Ni sauti ya kisasa, mke wangu."

"Ya kisasa ikae na wewe huko huko, mimi nina wali motoni."

Lakini Kazungu alifurahi, akaomba kulizungusha mtaani ajaribu. Hapo ndipo palipoharibika. Huko mtaani Shela palikuwa na msiba, wanaume wamekaa barabarani kwenye majamvi na viti, hitima inasomwa. Kazungu si mtu wa utovu wa adabu, Baba, nataka ulijue hilo. Alipoona majamvi tu aliondoa mguu kwenye mafuta ili apite taratibu, kama alivyozoea kufanya na gari lake la zamani lililokuwa kimya. Hakujua kwamba bomba lisilo na sailensa hulipuka ukiachia mafuta ghafla. Kwa hiyo ile heshima yake yenyewe ndiyo iliyopiga mishindo, pa! pa! pa!, katikati ya kisomo. Ndani wanawake walipiga mayowe wakidhani ni bunduki. Msomaji akanyamaza.

Mzee mmoja wa matangani akasimama, akaja mpaka dirishani, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, marehemu tumeshamzika. Usituamshie."

Kazungu alizima injini, akashuka, akalisukuma gari kwa bega lake. Vijana wa msibani wakamwonea huruma wakamsaidia kusukuma. Alifika gerejini jasho linamtiririka; ni wale vijana walioeleza, na walikuwa wakicheka. Mjomba hakucheka. Alinawa mikono, akavaa kanzu, akaenda akakaa msibani mpaka magharibi. Aliporudi aliniambia, "Rukia, mimi nilimsikiza aliye ndani ya gari tu. Sikuwafikiria walio njiani."

Siku iliyofuata alilikata lile bomba pana akaanza upya. Alitafuta sailensa kubwa iliyotolewa kwenye lori dogo, akaifunga chini ya sakafu, na bomba akalirefusha na kulipinda kwa nyuma. Kazungu naye akakubali. Alisema anataka sauti bado, lakini iwe ya mtu mzima. Mjomba alipomaliza tulitoka barabarani kulijaribu, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Viatu vyangu vya shule nilivivua nisivichafue kwa grisi, kwa hiyo nyayo zangu zilikuwa juu ya chuma kitupu.

Kwa nje gari lilikuwa na sauti nzito, ya chini, isiyomsumbua mtu. Lakini kwa ndani, kila mwendo ulipofika mahali fulani, sakafu nzima ilianza kuvuma. Kiti kilivuma, na mti wa gia ukatetemeka. Mjomba akakunja uso.

"Ala! Linavuma. Hii ni kasoro. Huyu kijana atanirudishia kesho."

Akasimamisha gari kando ya njia, akashuka na spana, tayari kulegeza vishikizo na kuongeza raba ili mvumo usipande juu. Mimi nilibaki nimekaa, nikiziangalia nyayo zangu. Nilikuwa nimegundua jambo. Mvumo ule haukuja ovyo. Ulikuja kila injini ilipokuwa inataka gia nyingine, na Mjomba alipobadilisha ukaondoka.

Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba sauti ni mtikisiko, na sikio ni mahali pamoja tu pa kuupokelea. Siku ile darasani niliandika tu. Pale ndani ya gari nilikufikiria wewe.

Nikamwita, "Mjomba, tafadhali usiliondoe."

"Nisiondoe nini? Kasoro?"

Nikamweleza kwamba mvumo ule waweza kukwambia wewe wakati wa kubadilisha gia, bila ya masikio. Akairudisha spana ndani ya gari. Tulirudi nyumbani, nikamwomba mkaza mjomba pamba, nikaziba masikio yote mawili na kufunga mtandio juu yake mpaka sikusikia hata adhana ya alasiri. Kisha Mjomba akanichukua kwenye barabara ya Kakuyuni palipo wazi. Tulipatana kwamba mimi nitainua mkono kila ninapodhani ni wakati wa kubadilisha gia, naye aone kama nimepatia.

Sitakudanganya, Baba. Mwanzo nilikosea vibaya. Nilikuwa nimeweka kiganja mlangoni, na mlango unatikiswa na kila kishimo, nikawa nainua mkono kwa mashimo badala ya injini. Mjomba alikuwa anacheka. Sikumsikia lakini niliona mabega yake. Ndipo nikahamisha kiganja nikakiweka chini ya mti wa gia, karibu na mkono wake. Hapo kukawa tofauti kabisa. Mashimo yanakupiga mara moja na kuondoka. Injini inapanda polepole, kama paka anayekoroma ukimkaribia, kisha inakujaa mkononi. Nikaanza kupatia. Nikapatia tena, na tena, mpaka Mjomba akaacha kunitazama.

Akasimama kando. Akaninyooshea mkono, nikajua anataka pamba. Akaziba masikio yake mwenyewe, akaniashiria nishuke nikae chini ya kivuli, akaenda peke yake mpaka akapotea machoni, kisha akarudi. Aliposhuka alikaa kwenye ukingo wa barabara, akatoa pamba moja tu.

"Shemeji yangu alikuwa akiliendesha kwa masikio," akasema. "Sisi tulipoona masikio yameondoka, tukadhani udereva nao umeondoka."

Nami nimelifikiri neno hilo wiki nzima. Ulipokuwa unarudi kutoka Bofa, sote tulilijua gari lako kabla halijafika. Mimi kwenye chuo cha Kurani niliinua kichwa kutoka kwenye ubao wangu, na Mama alikuwa akiteleka chai uliposhika kona ya msikiti, ili ukifika uikute imechemka. Nadhani kilichokuuma si madafu wala boneti, Baba. Ni kwamba sauti ile ilibaki kwetu sote isipokuwa wewe uliyeifanya. Kama nimekosea kusema hivi, nisamehe, mimi ni mtoto. Lakini nimekuona ukikaa pale barazani kiganja chako kimetulia juu ya goti, na sasa najua kiganja hicho kinaweza kufanya nini.

Kazungu alikuja tukamweleza. Alikuna kichwa.

"Fundi, mimi sitaki kumnyang'anya mzee gari lake. Lakini mimi nami nina mapapai yanaiva. Nitangoja mpaka Jumamosi. Asipokuja, nalichukua na mvumo wake."

"Na vipi watu wa Kakuyuni watakusikia?" Mjomba akamtania.

"Nitapiga honi kama watu wengine, nifanyeje?"

Kwa hiyo hadi Jumamosi gari ni lako. Mjomba amefunga vioo vikubwa pande zote mbili ili uone kinachokuja nyuma ambacho hutakisikia. Na amesema wazi, nami nakupa maneno yake kama yalivyo: utalijaribu pamoja naye kwenye barabara ya wazi, na hata ukilipenda, hutalichukua mpaka watu wa leseni wamekupima na kuridhika. Bila ya hivyo ufunguo hautoi, hata umwombe kwa jina la mama yake. Siwezi kukuahidi kwamba itafaa. Mkono wangu si mkono wako, na mimi sikuwa na madafu nyuma yanayogongana. Ninachokuomba ni uje ukae kwenye kiti chako mara moja kabla hakijawa cha mtu mwingine.

Nisalimie Bibi, umwambie vidonge havifanyi kazi chini ya jamvi. Mpe salamu kaka yangu Salim, na akiwa bado anachezea redio yangu aache. Msalimie shangazi mkaanga vitumbua, na mwalimu wangu wa chuo, umwambie sijaacha kusoma kila asubuhi. Mkaza mjomba anawasalimu nyote, na anasema mkija mtakuta samaki wa kupaka.

Limebaki jambo moja. Pamba utakayoikuta ndani ya bahasha si yako, Baba, ni ya Mama. Najua amekwisha kuikasirikia barua hii kabla hujafika hapa. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekungoja siku ile chai ikapoa. Basi Jumamosi aje pamoja nawe. Akae pembeni yako pale nilipokaa mimi, avue viatu, azibe masikio, aweke kiganja chini ya mti wa gia karibu na mkono wako. Asikutazame usoni, atazame njia tu. Ukimaliza kuendesha, yeye ndiye aseme kama gari liuzwe au lirudi Takaungu, nasi sote tutalikubali neno lake.

Ni mimi mwanao, nitakayekuwa nimesimama mlangoni mwa gereji tangu asubuhi,

Rukia