Kikombe Ulichokunywa Koboko

Mwaka umekatika, Ladu, tangu tukuzike hapa Mvara, na hasira zetu bado mbichi. Anayetaka maneno ya kupooza moyo akasome kwingine.

Wewe mtu wa majani! Chini ya godoro mlilolalia na mkeo Candiru ulibana majani kati ya magazeti, mpaka nguo zake zikanuka pori. Akilalamika unacheka, unaongeza mengine. Kazini Arua ulichemsha mizizi ya waganga, ukaipima kwa mizani, ukawanywesha panya weupe ili ujue ipi inatibu na ipi inadhuru. Waganga hukuwadharau hata kidogo. Majani ya vidonda ya Shangazi Hawah, dada wa baba yako, uliyasifu mpaka mwenyewe akaona haya.

Ila mzizi wake wa homa uliua panya wote, maini yameharibika. Ukaenda Koboko na Candiru kumwomba kwa adabu asiwape watu tena. Mkakuta kikombe kimeshamiminwa cha Mindra, mjukuu wake, aliyekuwa akitetemeka kwa homa mkekani.

"Dawa yangu iko sumu?" Shangazi alipiga kelele hadi majirani wakajaa. "Wewe, mutoto ya kaka yangu, unasema hivyo? Basi kunywa wewe, mbele ya watu. Ukikataa, Mindra atakunywa dawa yake."

Candiru alikushika shati. "Ladu, twende nyumbani. Wewe unajua iko nini ndani."

"Najua," ulimjibu. "Na mutoto je?"

Ukanywa kikombe chote, kisha ukampa Mindra vidonge vya klorokwini ulivyokuja navyo. Wiki haikuisha, macho yakawa manjano, ukatutoka.

Na ndugu zako wa Koboko? Hakuna hata mmoja aliyekuja kushika jembe kaburini. Walisema umerogwa na watu wa Arua wenye wivu. Shangazi naye akaendelea kuchemsha mzizi wake na kuwapa watu. Hawana haya wale!

Sasa sikia vituko. Juzi Shangazi Hawah alishikwa na homa. Chungu kimejaa dawa jikoni kwake, hakukigusa. Alimtuma Gaspard, dereva wa lori, aje kwa Candiru kumwombea klorokwini kwa siri. Kwa siri, Ladu! Candiru alikuwa anatwanga, na nusura amrushie Gaspard mchi. Alilia kwa hasira. Mwishowe akaingia ndani akatoa vidonge, kwa kuwa wewe usingemnyima mgonjwa.

"Mupe," alimwambia Gaspard. "Lakini kwanza amwage chungu. Halafu ameze mbele ya watu, pale pale Ladu alikunywa."

Jana Gaspard alirudi na habari. Chungu kimemwagwa mlangoni, na Shangazi amemeza vidonge majirani wakimtazama. Atapona. Hatujamsamehe.

Wanaokulilia ni mkeo Candiru, wanao Pasca na Adrabo, mama mkwe wako Madina, na Mindra, ambaye sasa anaishi kwetu na hataki kusikia habari za kurudi Koboko. Wengine hatukuwaandika, na wao wanajua kwa nini.

Sisi hatutakusahau, Ladu. Na wao tutahakikisha hawatakusahau.