Domitila, na Wale Ng'ombe Arobaini

Mpendwa mjukuu wangu Domitila, mke wangu mdogo,

Mwakeye. Nakuamkia mimi kwanza, ingawa mtoto ndiye humwamkia mkubwa, kwa sababu siku hizi wewe una nyota begani na mimi nina jembe. Simu yako haipatikani tangu uingie kwenye kozi ya makomandoo. Ulituambia itakuwa hivyo. Basi naandika. Kalamu niliishika ukubwani, kwenye kisomo, na darasa zima hakuna aliyenishinda isipokuwa marehemu bibi yako, na yeye alikuwa akinichungulia.

Barua hii naiacha wazi, kila mtu aisome. Uongo niliusema mbele ya watu.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka kambi ya mafunzo ya jeshi baada ya kidato cha sita? Mama yako alilia kuona umekonda na jua limekuunguza. Wewe ukala ugali wa muhogo sahani mbili, ukasema, "Babu, mimi kule nimepapenda." Nikakuambia jeshi si shamba la mahindi. Ukaenda kujitolea Mtabila, pale walipokaa wakimbizi zamani, na kweli ukalima mahindi! Ukafyatua matofali. Miaka miwili. Wapo wanaume waliotoroka usiku wakaacha hata masanduku yao. Wewe hukutoroka. Damu hiyo ni yangu, mtu asibishe.

Jina lako likatokea kwenye orodha ya watakaochukuliwa jeshini. Wageni wawili wakaja Kitanga kuuliza habari za ukoo wetu. Huku mpakani lazima waulize, maana Kiha na Kirundi ni ndugu na mtu wa mbali hatofautishi. Mwenyekiti wa kijiji akaniita, nikavaa koti.

"Mzee, asili yenu wapi?" mgeni akauliza kwa adabu.

Jibu lilikuwa neno moja tu: hapa. Lakini mimi, mbele ya watu wote wale, nijibu neno moja kama kuku? Nikawasimulia jinsi babu yangu alivyotoka kwa mfalme wa ng'ambo, akavuka Malagarasi na ng'ombe arobaini wa pembe ndefu. Mwenyekiti akanikanyaga mguu. Nikadhani ni bahati mbaya, nikaongeza ngoma na watumishi. Mgeni anaandika tu.

Wenzako wakaondoka. Wewe ukabaki.

Mama yako akasema, "Baba, nenda ukawaambie ukweli." Nikamjibu kwamba mzee harambi mate aliyotema. Miezi ikapita hivyo. Wewe hukunigombeza hata siku moja. Kila asubuhi ulikimbia mpaka njia panda ukiwa na dumu la maji mgongoni, ukirudi unapalilia maharage yangu. Siku moja, tuko kwenye tuta, ukaniuliza bila kuinua kichwa:

"Babu, wale ng'ombe walikuwa na majina?"

"Ego. Walikuwa nayo."

"Mmoja aliitwaje?"

Nikafungua mdomo. Mimi, ninayejua majina ya ng'ombe wote wa bonde hili mpaka waliokwisha kufa, sikupata hata moja. Ukaendelea kupalilia. Hukucheka. Afadhali ungecheka.

Kesho yake nikaenda Kasulu, ofisini kwa wale wageni, nikasimama mbele ya foleni nzima. Nikasema: "Nilidanganya. Babu yangu alizaliwa Kitanga na kaburi lake limo kwenye migomba yangu. Hakuwahi kuwa na ng'ombe. Alichunga mbuzi wa watu mpaka akafa."

Kisha Mwislamu mmoja muuza vitambaa, watu wa kwao ni wa pwani, akasema, "Usijali, mzee wangu. Babu yangu mimi ana ghorofa Tanga. Mpaka leo hatujaiona." Watu wakavunjika mbavu, hata mkubwa wa ofisi aliyekuwa mezani. Wakaja kulitazama kaburi, wazee wakashuhudia, na safari iliyofuata jina lako lilipita.

Mengine uliyafanya peke yako. Ukuruti, kisha uaskari wa kawaida, kisha ukateuliwa kwenda chuo cha maafisa. Siku unavishwa nyota niliitazama kwenye simu ya yule yule muuza vitambaa. Jua kali, na hukupepesa jicho. Nikamwambia, "Unamwona? Huyo alipalilia maharage yangu." Sikuongeza kitu. Mwulize.

Ulipokuja likizo ukaniambia umeomba kwenda kwa makomandoo. Nikauliza, kwani nyota haikutoshi? Ukasema, "Nyota nilipewa, Babu. Hiki nataka nijijue kama nakiweza." Nimeishi miaka mingi, nimesema maneno mengi makubwa, na sijawahi kusema moja lenye uzito wa hilo.

Sasa kwenye pombe ya ndizi wananichokoza: "Haya mzee, komandoo wako yuko wapi?" Nawajibu, "Yuko kazini." Basi. Mimi huyu! Ulimi unaniwasha kama nimelamba upupu, lakini nafunga mdomo. Mdomo huu ulikwisha kukurudisha nyuma mara moja.

Ulisema wengi hawaimalizi kozi hiyo. Usiku nalifikiria hilo. Ukirudishwa, mjukuu wangu, nitawaambia watu umerudishwa. Ukimaliza, nitawaambia umemaliza. Siongezi hata mkia.

Yule mtamba uliyemnunua mnadani ukaniletea, ng'ombe wa kwanza katika ukoo wetu, ana afya na anakula mpaka majani ya migomba ya jirani. Uliniambia nimpe jina, nikakawia. Nimeshampa. Hapa silitaji. Ukija, na kofia ya makomandoo kichwani au bila kofia, simama kwenye lile tuta la maharage uniulize tena. Safari hii jibu ninalo.

Ni mimi babu yako,
mjukuu wa mchunga mbuzi,
Kitanga.