Shangazi Ameiosha Kompyuta

Uko wapi?? Shangazi ameosha kompyuta. AMEIOSHA. Kwa sabuni!

Ile niliyomuundia mwenyewe. Unakumbuka nilivyoucheka ukoo mzima ulipotaka kumnunulia iliyo tayari dukani? "Ya dukani ikiharibika mnatupa, hii yangu kila kipande kinachomoka!"

Basi amevichomoa.

Nimefika nakuta vipande viko kwenye kamba ya nguo tangu jana, vimebanwa kwa vibanio, vinaning'inia kama soksi. Nikamuuliza kulikoni hata kabla ya kumwamkia.

"Ilikuwa inakwamakwama, nikaona imejaa vumbi," ananiambia. Mkunga mstaafu, si unamjua, kwake hakuna ugonjwa usioanzia kwenye uchafu. Nikashukuru Mungu hajaichemsha.

Nikamuuliza, "Shangazi, na kile kitabu chako cha wakunga?" Anakiandika humo mwaka mzima sasa, na hana nakala popote.

"Si kimo ndani? Kwani maji yanafuta maandishi ya ndani?"

Ananiuliza mimi hayo. Mimi, fundi!

Nikaviunganisha vile vipande, nikawasha huku nimefumba macho.

Ikawaka. Nakuapia, IKAWAKA. Kitabu kipo chote. Na haikwami tena! Mimi niliihangaikia wiki mbili nikaambulia patupu.

Shangazi akanipigapiga begani kwa huruma: "Kuunda unajua, mwanangu. Usafi tu ndio hukufunzwa."

Sasa nitafutie uongo wa haraka, maana ameniambia kesho nimpelekee na yangu.