Matundu ya Ukuta wa Maman Faida

Papa Mwalimu,

Nianze na kosa, salamu itafuata. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia: "Kama umeharibu, sema kwanza, njo unisalimie." Basi mimi Furaha, mwanafunzi wako wa kazi ya kujenga, nimeharibu. Nilijenga ukuta wa Maman Faida bila matundu.

Usikasirike, ngoja nikueleze.

Tangu tukuzike, kiangazi kimeisha na mvula imerudi hapa Bagira. Kofia yako ingali kwenye musumari wa atelye, pale penye vyombo vyako vya kazi, hakuna mutu anayethubutu kuigusa. Kwaya ya parokia sasa inaimba vizuri, samahani kukuambia. Yule mukubwa wa kwaya aliyekuwa anakuficha nyuma na sauti yako ya mbuzi, kwenye matanga alilia kutushinda wote. Muke wako iko salama. Kila jumamosi anapika sombe nyingi kupita kiasi, na sisi tunakwenda, tunakula, tunanyamaza.

Mukubwa wa santre yetu ya mafunzo aliniita. Akasema nichukue darasa yako kwa kujaribu, hadi Noeli. Papa, hebu fikiri! Vijana kumi na mumoja, wote wanaume. Siku ya kwanza nikasikia mumoja anasema kule nyuma eti sasa watajifunza kufunga kikwembe kama wamama. Wote wakacheka. Nikajifanya kiziwi.

Nilikumbuka siku baba mudogo alikuja kunitoa kwako, anapiga kelele kwamba kujenga si kazi ya binti. Wewe uliendelea kukoroga sima na muchanga, ata kumutazama hukumutazama, ukamuambia tu: "Papa, jiwe haiulizake mutu kama iko mwanamuke." Halafu ukanipa mwiko wako, ule wenye mupini uliofungwa na mupira wa baiskeli. Baba mudogo akaenda zake. Bila asubuhi ile sijui leo ningekuwa nani.

Kwa hiyo nikachukua darasa, na jumamosi zako pia. Wengine siku hiyo walikuwa wanapumzika, wewe unatupandisha kilimani kuwajengea wajane kuta za kushika udongo, bila kuomba ata kikombe cha chai. Kwenye karatasi yako ya majina ya wajane Maman Faida ndiye aliyekuwa anafuata. Unaijua nyumba yake, chini kabisa ya mutelemuko, iko anakaa na wajukuu watatu. Mwaka jana matope yalifika hadi kwenye kitanda. Alikuwa amekusanya mawe mwaka muzima, anayabeba kwa kichwa toka mutoni, moja moja.

Tulijenga jumamosi tatu. Ungeona! Mawe makubwa chini, mistari imenyooka, nivo ya kupimia yenyewe ilikuwa imetulia katikati. Shefu wa avenue akaleta pombe ya kasiksi tunywe. Yule wa kikwembe akaniita Mwalimu kwa mara ya kwanza. Nikaenda kunawa mikono, nikageuka niuangalie ukuta wangu, na kiburi yote. Hapakuwa ata tundu moja la kutokea maji.

Unajua sababu? Mianzi ulikuwa unaweka wewe. Kila mara wewe. Sisi tunapanga mawe, wewe unapita nyuma yetu na vipande vya mianzi kwapani, unaimba vibaya, unachomeka moja hapa, moja pale, unamwaga changarawe nyuma yake ili maji yapate njia. Miaka yote ile hakuna mwanafunzi aliyeshika mwanzi. Basi tulijenga watu kumi na wawili, kila mutu akafanya kazi yake, na yako ikabaki inakungojea.

Nilikaa chini nikalia mbele yao wote. Kwenye maziko yako sikulia hivyo.

Nikuambie ukweli wote: nilitaka kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeona; walifikiri ninakulilia wewe tu. Maman Faida alikuwa anapiga vigelegele, na Noeli haiko mbali. Lakini mvula kubwa ikinyesha, maji yakikosa njia nyuma ya ukuta, yanausukuma wote, na chini yake ndipo wanapolala wale watoto. Nikakumbuka ukuta wangu wa kwanza. Uliubomoa na mikono yako, hukunigombeza. Ulisema tu, "Ukuta haina mudomo, lakini siku moya itasema."

Nikasimama. Nikasema tunabomoa, kosa iko yangu.

Maman Faida akashika kichwa: "Yesu wangu, mawe yangu!" Nilipiga magoti mbele yake, nikamueleza yote, sikuficha kitu. Kisha akakaza kikwembe chake kiunoni, akaenda, akatoa jiwe la kwanza. Yule kijana aliyenichekelea siku ya kwanza akamufuata mbio. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa mukubwa wa santre, kabla hajasikia kwa watu. Akakuna kichwa, akasema ameelewa. Hadi leo sijui kama ataniacha nibaki.

Tulirudia kazi jumamosi mbili zingine. Safari hii niligawa mianzi, kila mutu akaweka wake na changarawe yake. Lakini kulikuwa kimya sana, kazi haikuwa inakwenda. Nikaanza kuimba mimi, vibaya kama wewe. Wakacheka hadi mumoja akaangusha ndoo.

Jana asubuhi mvula ikanyesha, ile ya kweli. Nilikimbia bila mwavuli, nateleza, natubu zambi zangu zote njiani. Nikafika. Nyumba iko imesimama. Wajukuu walikuwa mulangoni wanaruka-ruka, wanaonyesha kidole: "Ukuta inakojoa! Ukuta inakojoa!" Kweli, Papa, matundu yote yalikuwa yanatoa maji, kwanza mekundu, halafu safi. Maman Faida alikuwa tayari ametega beseni chini ya tundu moja, anafua nguo. Akaniambia nisisimame tu, nimuletee sabuni.

Sasa sikia. Wewe pia uliharibu kidogo. Ulitupenda hadi ukatufanyia ile kazi moja wewe mwenyewe, siku zote, na ulipoondoka hakuna aliyeijua kwa mikono yake. Ni kosa moja tu, na mimi nimekusamehe. Nakuahidi: hakuna mwanafunzi atakayetoka kwangu kama hajaweka mwanzi wake. Kama wataniachia darasa au watanifukuza Noeli, jumamosi nitakuwa kilimani.

Pumzika, Papa. Kofia tutaiacha palepale.

Kosa yangu nimesema, na yako nimesema. Sasa naweza kukusalimia.

Jambo, Papa.

Furaha