Panya Wanaochelewa Kuamka

Chumbi, 4 Mei 1996

Mdogo wangu Azan,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila shemeji yako anakohoa kidogo. Wewe na makaratasi yako huko hospitalini Kibiti mnaendeleaje?

Tangu daktari wako anipe vidonge, kifafa hakijanigusa, alhamdulillahi. Ila usingizi, Azan! Tumehamia shamba, naamia ndege juu ya dungu la nguzo ndefu, nasinzia na kombeo mkononi. Juzi kwelea kwelea wamekula jaruba zima la mpunga. Mavyaa akamwambia mwanawe, mume wangu, mbele yangu: "Ulitafuta mke, ukaleta gogo." Ndege wakila tena, narudishwa kwa mama. Basi vidonge naviacha mpaka tuvune. Usinigombeze.

Dada yako,
Johari

Kibiti, 10 Mei 1996

Dada Johari,

Waaleikum salaam. Mpe shemeji pole ya kikohozi. Mimi mwili mzima. Moyo haujatulia tangu nisome barua yako.

Usiache, dada. Dawa hiyo ukiikata ghafla kifafa hurudi na hasira, nawe uko juu ya miti.

Kazi yangu mojawapo ni kupanga majarida ya Daktari Urbano kabatini, na moja nimelisoma. Wataalamu wamelea panya waliokosa jeni moja, ile inayoliagiza ini litengeneze kimeng'enya cha kuvunja dawa na mafuta. Panya wote walipewa dawa ya usingizi kiasi kilekile. Wenzao wa kawaida waliamka wakakimbia; wale waliokosa jeni waliendelea kulala, dawa bado imewajaa mwilini, na ini limeota mafuta. Nikakuona wewe na kombeo lako. Najua wewe si panya. Lakini je, kama ini lako nalo huvunja dawa polepole? Basi haja si kuacha, ni kupunguza.

Nataka kumuuliza daktari. Naogopa. Serikali inapunguza wafanyakazi, na karani anayesoma majarida ya mkubwa wake ndiye huonekana hana kazi. Nitauliza tu.

Mdogo wako,
Azan

Kibiti, 15 Mei 1996

Dada,

Hujambo? Nakusalimu tena kabla hujanijibu, kwa sababu kimya chako kinanitisha.

Nimeuliza. "Karani, siku hizi unatibu?" akasema.

"Hapana, daktari. Nina dada."

Akavua miwani. "Panya hawathibitishi kitu kuhusu dada yako. Lakini umeuliza vizuri. Mlete nimwone, dozi tunaweza kuishusha taratibu. Asiache."

Njoo. Nisipokuona Ijumaa, navuka mto kwa kivuko cha Ndundu kukufuata, ruhusa nipewe nisipewe.

Mdogo wako,
Azan

Chumbi, 9 Juni 1996

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Kikohozi cha shemeji yako kimekwisha.

Barua yako ya kwanza ilinifikia vidonge nimeshaviacha. Siku uliyovuka ukanikuta nimelazwa chini ya dungu, hukuuliza kwa nini sikuanguka kutoka juu. Asubuhi ile mavyaa alipanda, akanifunga kiuno kwenye nguzo kwa kanga yake. "Gogo hufungwa," alisema. Nililia kwa fedheha. Kifafa kiliponikamata, kanga haikuniachia. Ni yeye aliyenishusha, akilia kuliko mimi.

Sasa nameza ile dozi ndogo aliyonipa daktari mbele yako. Barua hii naiandikia dunguni. Nimeikatiza mara kadhaa nirushe mawe, unisamehe matope. Kanga najifunga mwenyewe. Mavyaa hukagua fundo kabla hajaenda kupika.

Nasikia orodha ya wanaopunguzwa imetoka. Kama jina lako limo, usijifiche. Njoo. Nguzo nyingine ipo, na ndege hawajapunguzwa.

Dada yako,
Johari